Somo na Meno ya Kiboko

Salamu yake haikuwa "hujambo" wala "amahoro". Ilikuwa "fungua mdomo". Alikusimamisha njiani hata kama una mtungi kichwani, hata kama nyuma yako wanakuja askari wa Mdachi na bendera yao, na usipofungua ilijulikana kwamba una jambo unalificha. Mimi nimefungua mdomo mbele ya mwanamke huyo mara nyingi kuliko nilivyoufungua mbele ya chakula. Jina lake sitalitaja. Hata sisi wenyewe pale Rumonge hatukulitumia. Tulimwita Somo, na ukisema Somo bila kuongeza neno ulieleweka mpaka Gitaza.

Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayekabidhiwa mwari kabla ya harusi ili amfunde usafi, adabu, na mambo mengine ambayo sitayaandika hapa kwa sababu bado nina haya kidogo. Siku hizo za Wadachi, katika nyumba zetu za Waswahili kando ya ziwa, binti hakuolewa bila somo. Huyu wetu alikuwa amefunda karibu kila mke uliyemkuta sokoni, mimi nikiwemo. Hakuwa na shamba la kujivunia, hakuwa na mtumbwi, wala mume aliyedumu. Alikuwa na wari wake na mdomo wake safi, basi, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Ndiyo maana mambo ya mdomo wake yalipoharibika sikucheka. Sawa, nilicheka. Lakini si mwanzoni.

Masomo wengine huanza kumfunda mwari jikoni. Yeye alianza mdomoni. Siku nzima ya kwanza tulikaa mimi na yeye tukitafuna ncha za vijiti vya mswaki mpaka ziwe nyuzi laini, kisha akaniambia nisugue. Nikasugua mbele, kama kila mtu.

"Nyuma!" akapiga kelele.

Nikasugua nyuma kidogo.

"Nyuma kule, ambako huoni! Wewe unafagia kibaraza, na chumbani umewacha takataka."

Baada ya mswaki ikaja chumvi ya Uvinza iliyochanganywa na mkaa uliosagwa, halafu maji ya kusukutua, halafu ulimi, halafu karafuu moja ya kutafuna. Halafu alileta pua yake karibu na akanusa taratibu, amefumba macho, kama mtu anayechagua samaki. Nilimwuliza kwa nini kazi yote hii, na mume wangu mtarajiwa mwenyewe ni mvuvi, ananuka migebuka kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa.

"Sura yako atazoea, mwanangu," akasema. "Hata hiyo. Lakini pua yake mimi sitaiweza."

Alikuwa mkali kwa wari kuhusu muwa. Muwa ulikatazwa kabisa. Sukari hukaa katikati ya meno, alisema, inafanya kijiji humo. Lakini nyuma ya nyumba yake maganda ya muwa hayakukauka. Tukimwuliza, alisema yameletwa na upepo. Na jino lake la kwanza la mbele lilivunjikia kwenye fundo la muwa, nilikuwepo, na hata siku hiyo, damu ikimtoka, aliniambia kwamba upepo wa ziwa ni mbaya sana.

Jambo jingine ni pwani. Alipenda ijulikane kwamba yeye ametoka pwani hasa, kwenye bahari ya chumvi, na akiwa ametulia alisema Kiswahili cha kunyooka mpaka unaona haya kumjibu. Akikasirika pwani ilimtoka yote. Ilikuwa "weye mutoto", "uko nafanya nini", na kama hasira ni kubwa, "oya, oya, oya" kama mama yeyote wa milimani. Ushahidi wake wa pwani ulikuwa mmoja tu, nao ni mbuzi ya kukunia nazi. Kwa wale ambao hawajaiona, ni kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma mbele, na ulimi una meno. Unaikalia, unashika kifuu cha nazi kwa mikono miwili, unakisugua kwenye chuma, na nazi iliyokunwa inaanguka kwenye bakuli chini. Sasa Rumonge hakuna nazi. Sisi tunapikia mawese. Mbuzi ile haikuwa imekuna chochote tangu ifike ziwani. Hata hivyo aliifuta vumbi kila asubuhi, akaipaka mafuta, akaikalia yeye peke yake akikagua midomo yetu. Ukimwuliza inafanya nini, alijibu, "Inangoja."

Alikuwa hamwogopi mtu. Ulipozuka ugonjwa wa malale na daktari wa Kidachi akaja kutupapasa shingo kutafuta uvimbe, tulipangwa mstari, tunatetemeka. Yeye alipomaliza kupapaswa hakwenda zake. Alisimama mwisho wa mstari, na kila mwanamke aliyetoka kwa daktari alimkuta Somo: "Fungua mdomo." Daktari alidhani ni msaidizi aliyeletwa na boma, na boma likadhani ameletwa na daktari. Jioni walimpa kopo la chumvi. Alilitazama ndani, akasema si ya Uvinza, akalirudisha.

Mikono yake ilianza kujikunja pole pole. Kwanza vidole vidogo, asubuhi tu, na yeye akalaumu ubaridi. Kisha vyote, kutwa nzima, na vifundo vikavimba. Nilitambua siku alipokuwa anamfunda binti mmoja akaangusha mswaki mara tatu, na kila mara akamwambia binti, "Okota," kwa sauti ile ile ya kufundisha, kana kwamba kuokota nako ni sehemu ya mafunzo. Binti yule mpaka leo, nadhani, anaangusha mswaki wake mara tatu kabla ya kusugua.

Kijiti chembamba kinahitaji vidole. Ngumi haiwezi kukishika, kinazunguka na kuteleza. Mwanamke aliyekuwa anatupigia kelele za "nyuma" hakuweza tena kufika nyuma, na baada ya muda hata mbele hakufika. Nilimwambia, kwa heshima zote, "Somo, nikusugue?"

"Unisugue? Mimi sufuria?"

Meno ya mbele ya juu yakaondoka, lile la muwa na wenzake watatu. Akaanza kufunika mdomo kwa leso na kusema maneno machache. Rumonge ikawa kimya kwa namna ambayo hatukuizoea. Nilidhani ningefurahi, na sikufurahi hata kidogo.

Hapo ndipo alipokuja Mdachi mwenye meno ya kutoa. Alitoka Usumbura kwa mashua, akatia nanga kwetu, akakaa chini ya hema lake akala kuku. Alipomaliza aliingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake yote ya juu, na akaanza kuyasuuza kwenye kikombe. Wanawake waliokuwa wanateka maji waliacha mitungi ikaelea. Mpagazi mmoja alitoa shahada kwa sauti. Mimi nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu, na sikuwa mtu wa viatu vingi. Somo peke yake alisogea. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye hema, mikono nyuma, akatazama mwanzo hadi mwisho, huku Mdachi akizidi kuwa mwekundu. Kisha akaja tulikokuwa tumejificha nyuma ya mitumbwi.

"Amesugua nyuma," alisema. Sijamsikia akimsifu mtu wa serikali siku nyingine yoyote.

Kesho yake alikuwa kwa fundi. Fundi huyu alichonga mipini ya visu na bangili kwa meno ya kiboko, na viboko wakati ule walikuwa wengi kuliko sisi. Alikuwa mtu mpole, hapendi ugomvi.

"Somo, mimi nachonga bangili," alisema.

"Chonga bangili ya mdomoni."

Akamng'atisha nta ya nyuki kupata kipimo, akachonga, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena. Mwisho yakatoka meno manne yaliyoshikana kipande kimoja, na kila upande kikulabu cha waya wa fedha cha kukumbatia jino la jirani. Yalikuwa meupe sana na makubwa kidogo. Alipoyavaa mara ya kwanza harusini na kucheka, mtoto mmoja alilia, lakini sisi wakubwa tulipiga vigelegele. Somo alikuwa amerudi. Jioni ile ile alinikagua mimi na kunikuta na makosa mawili.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua, hata fundi, ni kwamba jino la kiboko mdomoni ni kama jino lako tu: usipolisugua linaoza, na likioza linanuka kuliko lako. Fundi alimwambia jambo moja tu, asiyaache yakauke, yatapasuka. Kusafisha hakukutaja, maana nani angethubutu kumwambia Somo habari za kusafisha? Kuyatoa aliweza, aliyasukuma kwa kifundo cha kidole gumba yakaanguka kiganjani. Kuyasugua ndiko kulikomshinda. Ngumi moja ishike meno, nyingine ishike mswaki, na hakuna ngumi iliyoshika. Akayaacha, na akaanza mbinu zake za siri.

Kwanza aliyapaka mawese ili yateleze wakati wa kuvaa. Yakageuka rangi ya mawese. Alisema hiyo ndiyo rangi ya meno ya kiboko yakikomaa. Fundi alisikia, akainama kuangalia patasi yake.

Kisha ikaja mbinu ya jua. Kwetu kila kinachonuka huanikwa: samaki, mikeka, godoro la mtoto. Mimi nilikuwa nauza mawese na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na uwanja wangu ulikuwa jirani na wake. Siku moja, bila kuniambia, aliyaweka meno yake pembeni mwa mkeka wangu wa ndagala yapigwe na jua, akaingia ndani kwa kuwa hakutaka aonekane na pengo. Wakaja wanawake wa milimani kununua. Nikachota bakuli, nikamimina, nikachota, nikamimina, tukaagana vizuri. Baadaye kidogo Somo akatoka, leso mdomoni, akatazama mkeka.

"Weye mutoto," alisema kupitia leso. "Meno yangu iko wapi?"

Tuliwafuata wale wanawake, tukapanda mpaka soko la Bugarama. Sijui kama umewahi kupanda mlima ule na mwanamke mzee aliyekasirika na asiyetaka kufungua mdomo. Alinilaumu njia nzima kwa mabega. Sokoni tuliwakuta watu wamezunguka duara, na katikati mama mmoja wa milimani ameshika yale meno manne ya rangi ya machungwa juu ya kiganja. Walikuwa wanabishana ni samaki gani.

Somo akanisukuma. "Sema ni yako," akaninong'oneza.

"Yangu? Mimi nina meno yangu yote!"

"Sema!"

Nikasogea. "Amahoro, mama. Hiyo ni yangu."

Yule mama alinitazama mdomo, akatazama meno, akanitazama tena. Akanipa kwa ncha za vidole viwili, akajifuta kwenye nguo.

"Chukua, mama, chukua. Hii iko nanuka kupita ndagala."

Watu wakacheka. Mimi pia, na hapo ndipo nilipocheka, nakiri, nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilipogeuka nilimwona Somo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama chini kama mwari aliyekamatwa na muwa, na kicheko changu kikaniishia. Tuliteremka. Karibu na nyumbani akatamka, "Watu wa milimani hawajui harufu." Lakini hakuyavaa meno njiani, na jua lile lilikuwa limeyapasua, ufa mwembamba kama unywele, na harufu imehamia humo.

Sasa niseme habari za shangazi yangu wa Gatete. Shangazi alikuwa na sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Mdogo wangu alipoposwa, shangazi ndiye aliyesimamia kila kitu, na neno lake la kwanza lilikuwa hili, mbele ya ukoo mzima:

"Somo huyu hatumtaki. Mdomo wake iko nanuka. Tutaleta somo wa Ujiji."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Na kila mmoja wetu alijua maana yake. Ukoo wetu ulikuwa mkubwa. Tukimwacha sisi, mwezi ujao watamwacha wengine, na somo wa Ujiji akishashuka kwenye mashua yake na karafuu zake hatarudi tena. Nilimwombea. Shangazi akasema vizuri, Ijumaa atakuja mwenyewe na wanawake wa ukoo, atanusa. Kama ananuka, basi. "Na wewe kipenzi chake," akaniambia, "nenda kamwambie."

Nilikwenda. Nikaongea habari za mvua. Nikaongea habari za kuku wake. Alikaa juu ya mbuzi yake, leso mdomoni, akinitazama.

"Sema kilichokuleta."

Ulimi ukanishinda, na neno pekee lililotoka ni lile nililolisikia kwake miaka yote. "Somo," nikasema, "fungua mdomo."

Sitaeleza yaliyofuata. Nilikuwa nje ya mlango na kigoda kingine kilikuwa njiani kunifuata. "Toka! Weye mutoto! Mimi nilikufunda weye kujisafisha, weye uko nanifunda mimi?" Nikapaza sauti kutoka uani, nikamwambia yote: shangazi, Ujiji, Ijumaa. Halafu nikasikia kitu kidogo kigumu kikianguka sakafuni. Kikaanguka tena. Nikajua anajaribu, ngumi moja meno, ngumi moja mswaki. Mara ya tatu hakuokota. Nikamsikia analia.

Nikaingia, nikaokota meno, nikayafuta. "Nipe mimi nikusafishie, Somo. Hakuna atakayejua."

"Oya." Alisema taratibu, bila hasira. "Leo utanisafishia. Kesho utasimama nyuma yangu kwa mwari, unishikie mswaki. Kesho kutwa watakuita wewe, maana mikono ni yako. Na mimi nitakuwa bibi wa kukaa pembeni akapewa uji. Kama siwezi kujisafisha mwenyewe, nitamwambia nini mtoto wa watu?"

Nikatazama chini, na chini kulikuwa na ile mbuzi aliyoikalia, na ulimi wake wa chuma umechomoza mbele ya magoti yake, ukingoja.

"Somo," nikasema, "ukikuna nazi unashika nini?"

"Nazi. Kwa viganja." Akanitazama kana kwamba nimepotewa na akili. "Hushiki kwa vidole, utakatwa."

"Na mbuzi unaishika?"

"Mbuzi hukaliwa, mtoto we, itashikwaje..." Akaweka viganja vyake viwili pamoja, meno katikati, akavipeleka mbele akavirudisha, mbele, nyuma. Vidole havikuhitajika hata kimoja. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Mimi nilikuwa bado nauliza tu.

"Kaniitie fundi," alisema.

Fundi alikuja, akang'oa ule ulimi wa chuma huku Somo akimwambia polepole, polepole, hiyo imetoka pwani. Mahali pake akapachika kipande cha mti kilichofungwa nyuzi ngumu za mchikichi, zimekatwa sawa, brashi kamili iliyosimama. Akakwangua rangi ya mawese kwenye meno na kuuziba ule ufa kwa nta. Chini, mahali pa bakuli la nazi, tukaweka bakuli la maji, na ndani ya maji kitambaa kilichokunjwa. Somo akaikalia. Akanyunyiza chumvi, akafumba viganja, akasugua. Meno yakamponyoka. Sote watatu tukashika pumzi. Yakaanguka majini, yakalala juu ya kitambaa salama salimini. Akayazoa, akaanza tena: mbele, ndani, pembeni kwenye vikulabu.

"Nyuma!" nikasema.

"Kelele," akasema. Lakini alikuwa anacheka.

Meno yake mwenyewe yaliyobaki yalitaka dawa nyingine, na hiyo aliitafuta peke yake siku iliyofuata. Alichomeka kijiti cha mswaki katikati ya gunzi la hindi. Gunzi linajaa ngumi, halitelezi, halizunguki. Akafika nyuma kule ambako haoni. Akienda kulala aliyatoa yale ya kiboko, akayaacha ndani ya maji yenye karafuu moja, akisema nayo yamechoka.

Ijumaa shangazi akaja na wanawake sita. Somo aliwapokea amekaa juu ya mbuzi yake, bila leso.

"Somo, tumesikia habari," shangazi akaanza.

"Mmesikia. Karibuni mnuse. Lakini nyumba hii ina desturi yake: anayetaka kunusa hufungua kwanza."

Wanawake sita wakatazamana. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni, na alikuwa ametoka Gatete tangu alfajiri. Mwingine akasema yeye alisindikiza tu. Wakarudi nyuma mmoja mmoja mpaka ukutani, akabaki shangazi katikati ya chumba, na shangazi hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Akapiga magoti, akafungua. Somo akainama, akatazama, akachukua muda wake wote.

"Nyuma, kulia," akasema. "Ndagala ya jana."

"Ya leo," shangazi akasema, mdomo wazi.

Kisha Somo akafungua wa kwake. Shangazi akaweka pua pale pale mlangoni mwa mdomo, akavuta pumzi, akafumba macho. Nilikuwa nimeshika nguzo ya nyumba. Akavuta tena.

"Karafuu," alisema. Akageuka kwa wenzake ukutani kwa sauti ile ya kuita mtumbwi: "Karafuu!"

Vigelegele vikapigwa, na mdogo wangu akafundwa na Somo, siku saba, ya kwanza yote mdomoni. Watu walipokuwa wanatoka nilimwona shangazi anabaki nyuma, anaficha mkono, anaongea chini kwa mara ya kwanza maishani. Kidole gumba chake mwenyewe kilikuwa hakikunjiki tangu masika. "Magunzi yako jikoni," Somo akamwambia. "Chagua nene."

Baada ya hapo walikuja wengi kwa magunzi. Mvuvi aliyekatwa vidole na kamba, mzee anayetetemeka, askari mmoja aliyelipukiwa na bunduki yake mwenyewe. Wote alianza nao kwa neno lile lile, na yule askari alifungua mdomo haraka kuliko alivyompigia saluti bwana wake.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni wakati wa vita vya Wazungu, Wadachi walipokuwa wanaondoka na Wabelgiji wanaingia. Mizinga ililia ziwani na kila mtu akabeba alichoweza. Mimi nilibeba watoto na kibuyu cha mawese. Tulipotulia nikasikia Somo yuko Gatete, kwa shangazi yangu, nikaenda. Shangazi alinipokea mlangoni na sauti ndogo.

"Ameacha vyungu, ameacha nguo, amebeba mbuzi," alisema. "Lakini mikono imefunga kabisa. Hata viganja havikutani. Siku ya tano leo meno yamo ndani ya maji, hayavai. Hali chakula na sisi. Mimi hanikubali, nimejaribu, akanitimua kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Niliingia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, amekaa kwenye mkeka, leso mdomoni. Mbuzi ilikuwa pembeni yake, imefutwa vumbi, sijui aliifuta kwa kitu gani, labda kwa kiwiko.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Akatazama, na hakusema kosa lolote, na hapo nikaogopa kweli.

Sikuomba ruhusa. Niliivuta mbuzi, nikaikalia mimi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya mbele yake. Nikayatoa meno ndani ya maji, nikatia chumvi, nikayasugua mbele, ndani, kwenye vikulabu. Alinitazama mikono wakati wote. Nikachukua mswaki wenye gunzi, nikaugeukia uso wake, na hapo nikasimama. Lile neno nililisema mara moja tu maishani na nilirushiwa kigoda.

Akatazama mlango. "Funga," alisema. Nikafunga. Akaishusha leso kwa kiwiko.

"Unangoja nini? Sema."

"Fungua mdomo, Somo."

Akafungua. Nilisugua polepole, jino moja moja, yaliyobaki hayakuwa mengi, na ufizi, na ulimi. Alifumba macho. Machozi yalimtoka na mimi yalinitoka. Nikampa maji akasukutua, nikamvisha meno yake ya kiboko, nikampa karafuu. Akapitisha ulimi huku na huku kwa muda mrefu, anakagua. Kisha akafumbua macho, akanitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipokuwa mwari wake.

"Umesahau nyuma," alisema.

Sikuwa nimesahau. Nikayatoa meno, nikachukua mswaki, nikaanza upya.